Mama mkwe mtarajiwa anasema ukoo wetu una damu ya kansa

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tanga. Nimechumbiwa na kijana wa Mwanza tuliyesoma naye chuo. Barua ya posa ilikuja, ikajibiwa, na nusu ya mahari baba ameshapokea. Kikao cha kupanga tarehe kilikuwa kifanyike baada ya mavuno, kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, na sasa nimeijua sababu.

Kwenye ukoo wa baba kuna kansa. Bibi mzaa baba alifariki kabla hajafika miaka 50. Tumbo lilimvimba, akazungushwa kwa waganga, hospitali akafikishwa siku za mwisho. Shangazi mkubwa aligunduliwa kansa ya titi akiwa na miaka 35, akafariki akiwa na 37. Shangazi mdogo naye akaipata akiwa na miaka 44. Yeye alitibiwa Ocean Road, titi moja likaondolewa, na mpaka leo yuko hai, anauza vitenge sokoni. Baba ana miaka 63 na hajawahi kulazwa. Upande wa mama hakuna hata mmoja.

Mama wa mchumba wangu ameyasikia haya kwa mtu aliyekuja msibani kwetu. Amemwambia mwanawe kwamba ukoo wetu una damu ya kansa, na anayenioa mimi anaoa jeneza. Samahani kwa kuliandika neno hilo, ndivyo wifi alivyonieleza kwenye simu. Naye alikuwa wodini anamuuguza mwanawe mwenye sikoseli, ambaye mwaka huu amelazwa hadi nimepoteza hesabu. Mchumba wangu anasema nimpe muda. Hasemi ndiyo, hasemi hapana.

Mama yangu ananituliza kwamba kansa ya titi mtu anairithi kwa mama, na kwa kuwa kwao ni salama, nami ni salama. Binamu yangu aliyeko Minnesota anataka kunitumia kile kipimo cha kutema mate kwenye kichupa. Mwalimu mwenzangu ameniambia kuna mwigizaji wa Marekani aliondoa matiti yote mawili akiwa mzima, eti nami nijiandae. Naogopa kujua na naogopa kutojua. Nimeanza kujipapasa kila usiku hadi ngozi inauma.

Anti, ni kweli kansa iko kwenye damu? Na mchumba wangu nimwambie nini?

Njia Panda, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza, acha kujipapasa kila usiku. Titi hubadilika na hedhi, leo lina vijiuvimbe na wiki ijayo havipo, kwa hiyo anayelikagua kila siku anapata hofu tu. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kukatika, inakutosha kulijua titi lako lilivyo. Ukiona kilicho kigeni na hakiondoki, ndipo uende hospitali.

Sasa tuje kwa mama yako. Ana nia njema, ila kwenye hili amekosea, na kosa lenyewe ni la hatari kwa sababu limewafanya wanawake wengi wenye historia kama yako walale usingizi. Jeni zinazohusika na kansa ya titi ya kurithi unazipata kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba anaweza kuibeba jeni yenye hitilafu miaka yote 63 asiugue, kwa sababu titi la mwanaume lina tishu kidogo na ovari hana, kisha akampa binti yake. Kwa hiyo afya njema ya baba yako haithibitishi lolote. Muangalie kama daraja: upande wa pili yupo mama yake, na wapo dada zake wawili.

Wagonjwa wawili wa titi, wote chini ya miaka 50, ndugu wa tumbo moja, na mama yao aliyekufa mapema kwa uvimbe wa tumbo. Daktari yeyote wa saratani akiisikia hadithi hiyo ataacha kuandika, akutazame. Tumbo la bibi lingeweza kuwa ini, lingeweza kuwa mambo mengine mengi, na hakuna anayeweza kulijua leo. Lakini saratani ya ovari huja hivyohivyo: tumbo linajaa maji, mtu anakonda mikono na miguu, watu wanasema karogwa. Waulize wazee waliomuuguza kabla nao hawajaondoka. Tumbo lilianza vipi? Macho yalikuwa ya njano? Aliwahi kulalamikia titi? Andika majibu, hata kama ni kwenye daftari la shule.

Jeni ninazozishuku zinaitwa BRCA1 na BRCA2. Zamani wanasayansi wengi hawakuamini kwamba kansa ya titi inaweza kufuata ukoo kwa jeni moja. Mwaka 1990 Mary-Claire King, mtafiti wa Marekani, alionyesha kuwa kwenye familia fulani chanzo kimekaa kwenye kromosomu ya 17. Jeni yenyewe ikapatikana 1994, na ya pili, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, mwaka uliofuata. Kila mtu anazo zote mbili, wanaume kwa wanawake, wenye kansa na wasio nayo. Kazi yake ni kukarabati DNA, yaani maandishi ya urithi, inapokatika ndani ya seli, na hukatika kila siku. Tatizo ni pale herufi chache za jeni hiyo zinapokuwa zimekosewa, ikashindwa kufanya kazi.

Kila jeni ya aina hii tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Chukua baiskeli yenye breki ya mbele na ya nyuma. Aliyerithi hitilafu amezaliwa breki moja ikiwa mbovu. Anaendesha vizuri tu, miaka na miaka, hadi siku breki ya pili inapoharibika kwenye seli moja ya titi au ya ovari, nayo seli hiyo inaanza kuteremka bila kizuizi. Ndiyo maana ugonjwa wa kurithi hupiga mapema, kwenye miaka 30 na 40, wakati asiyerithi anahitaji breki zote mbili ziharibike ukubwani ndani ya seli ileile. Na ndiyo maana pia wengine wenye hitilafu hawaugui kamwe.

Wangapi? Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 uliwahusisha wanawake karibu 10,000 wenye hitilafu hizo, wengi wao wa Ulaya, Marekani na Australia. Kufikia miaka 80, wanaopata saratani ya titi ni takribani 72 kati ya 100 kwa BRCA1 na 69 kwa BRCA2. Ya ovari ni 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Mwanamke wa kawaida wa Marekani hatari yake ya titi maishani ni kama 13 kati ya 100, na ya ovari ni kama 1. Usiniambie hizo ni namba ndogo, si ndogo. Lakini hata kwa BRCA1, 28 kati ya 100 wanafika miaka 80 titi likiwa zima, na jeneza la mama mkwe wako halimo kwenye hesabu hiyo.

Na hapo tunazungumzia mwenye hitilafu. Wewe hatujui kama unayo. Tuseme shangazi anayo kweli. Basi baba yako, ndugu yake, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Na kama anayo, wewe una nafasi nusu ya kuipata kwake. Nusu ya nusu ni robo. Hapo ndipo uliposimama leo, binti yangu, kabla ya kipimo chochote: robo, tena ikiwa dhana yenyewe ni sahihi. Kaka zako wako hapohapo. Wao hatari yao ni zaidi kwenye tezi dume, hasa kwa BRCA2, na kwa wachache titi, maana wanaume nao huugua titi.

Nasema "ikiwa" kwa sababu ukoo haurithishani jeni peke yake. Unarithishana na jiko. Kati ya saratani zote, zinazotokana moja kwa moja na jeni moja ya kurithi ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100. Kuna saratani ya koo la chakula inayosumbua sana ukanda huu wa kwetu, kutoka Ethiopia kushuka Kenya na Tanzania hadi Malawi. Utaikuta imepiga watu watatu nyumba moja na kila mtu anasema ni ya ukoo. Wakati huohuo nyumba nzima inapikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, na chai inanywewa ikiwa bado inachemka. Tangu 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha kansa. Nayo saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inaletwa na kirusi cha HPV. Mama na binti wanaweza kuugua wote wawili bila urithi kuwa na sehemu kubwa. Hiyo ukifika miaka 30 ukachunguzwe hata kama shangazi hana hitilafu yoyote.

Kwa hiyo tunapima. Tunaanza na nani? Si wewe. Anaanza shangazi muuza vitenge, kwa sababu yeye ndiye aliyeugua. Hapa watu wengi wanapoteza pesa. Ukipima wewe kwanza majibu yakasema hakuna kitu, utakuwa hujajua lolote: labda ukoo wenu una hitilafu na wewe umeikosa, labda hitilafu iko kwenye jeni nyingine ambayo kipimo hakikuigusa, labda haikuwepo kabisa. Akipimwa shangazi ikapatikana, basi wengine wote mtatafutiwa herufi zilezile tu. Hapo "hauna" ina maana ya hauna, na hatari yako inarudi karibu na ya mwanamke yeyote. Asipokutwa nayo, tunarudi kwenye mazungumzo ya jiko na bahati mbaya, na bado unachunguzwa kwa sababu ya historia.

Nenda kwake ana kwa ana, usimpigie simu. Uwe tayari akikataa, maana majibu ni yake kabla hayajawa yako, na huenda ana mabinti anaowaogopea. Akikubali, aanzie kwenye kliniki iliyomtibu. Kipimo hiki bado hakipo kila hospitali ya rufaa, mara nyingi sampuli husafirishwa, na gharama si ndogo, kwa hiyo ulizeni bei kabla ya kutoa damu, na familia ichange kama mnavyochangia msiba. Majibu yasomwe na mtaalamu mbele yenu. Huwa kuna jibu la tatu linalowachanganya watu: badiliko lipo ila maana yake haijulikani. Sisi Waafrika tunalipata mara nyingi kuliko Wazungu, kwa sababu hifadhi za data zimejaa jeni zao. Jibu hilo si la kumfanya mtu akatwe kiungo. Ni la kuwekwa kwenye faili na kuangaliwa tena baada ya miaka.

Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini kichupa cha mate cha Minnesota sikipendi. Kampuni ya kwanza kuruhusiwa Marekani kumuuzia mtu kipimo cha BRCA bila daktari, mwaka 2018, ilikuwa inaangalia mabadiliko 3 tu kati ya maelfu yanayojulikana, na hayo 3 ni yale yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki. Mtanga atapewa jibu la "hakuna" na atalala fofofo. Mwambie binamu ahsante, hela hiyo aitume kwa ajili ya kipimo cha shangazi.

Mwigizaji uliyeambiwa ni Angelina Jolie. Aliueleza umma mwenyewe mwaka 2013 kwamba ana hitilafu ya BRCA1, mama yake alikufa kwa kansa akiwa na miaka 56, na yeye akaamua kuondoa matiti. Miaka 2 baadaye akaondoa na ovari. Zingatia mpangilio: alipima kwanza, akapata jibu la uhakika, ndipo akaamua. Mwalimu mwenzako ameruka hatua mbili. Ukikutwa na hitilafu, si lazima ukatwe. Wapo wanaochagua kufuatiliwa kila mwaka kwa picha za MRI na mammogramu (eksirei ya titi), na kwetu MRI isipopatikana, daktari anapapasa na ultrasaundi inasaidia. Ovari ndizo zinanipa wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna uchunguzi mzuri wa kuikamata kansa yake mapema. Wenye hitilafu ya BRCA1 hushauriwa kuziondoa kati ya miaka 35 na 40, wakishamaliza kuzaa. Wewe una 29. Unaona kwa nini ni vizuri ulijue hili sasa na si miaka 10 ijayo? Unapata nafasi ya kupanga uzazi.

Bila kusubiri mtu, anza kuchunguzwa na daktari. Kanuni inayotumika sana ni kuanza miaka 10 kabla ya umri alioguswa ndugu mdogo kuliko wote. Shangazi mkubwa alikuwa na 35. Hesabu inasema 25, umeshapita.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiandika haraka ukaipita: mwana wa wifi yako ana sikoseli.

Mwanangu, mama mkwe mtarajiwa ametazama jeni za kwenu akasahau za kwake. Sikoseli haina "huenda" nyingi. Ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya hemoglobini. Mtoto anaumwa anapopata nakala mbili mbovu, moja kwa kila mzazi. Kwa hiyo wifi yako anabeba nakala moja, hilo halihitaji hata kipimo, na aliipata kwa mama yake au kwa baba yake. Mchumba wako, mtoto wa wazazi haohao, ana nafasi isiyopungua nusu ya kuibeba naye. Yaani jeni ya kurithi iliyothibitika katika posa hii iko Mwanza.

Lakini usikimbilie kufurahi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba nakala moja ya sikoseli hulindwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imeshamiri palipo na mbu: Kanda ya Ziwa, na pwani pia. Tanga ina mbu tangu enzi. Kati ya Watanzania 100, wanaoibeba bila kujua ni kama 13 hadi 20, na kila mwaka huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye ugonjwa wenyewe. Wewe unaweza kuwa mmoja wa wabebaji. Mkiwa nyote wawili, kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, kwa sababu kuna wanaodhani wakishazaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamenusurika. Sivyo, hesabu inaanza upya kila mara.

Kipimo chake ni cha damu, ni rahisi kuliko cha BRCA na kinapatikana karibu zaidi. Ombeni kile kinachotofautisha AA (nakala zote mbili nzima), AS (mbebaji) na SS (mgonjwa). Kuna kipimo cha zamani kinachoonyesha tu kwamba seli zinajikunja, bila kusema nani ni mbebaji na nani ni mgonjwa, kisiwatoshe.

Basi mchumba wako mwambie hivi, wewe mwenyewe, bila mshenga na bila wifi. Kwamba kwenu kuna wagonjwa wa kansa, huwafichi, na umeanza utaratibu wa kujua kama kuna cha kurithi. Kwamba ukikutwa nayo, kila mtoto atakuwa na nafasi nusu ya kuipata, ataingia utu uzima akiwa mzima, na atakuwa na njia za kujilinda ambazo bibi yako hakuwa nazo. Kisha mwombe mwende pamoja mkapime sikoseli wiki hiihii. Usiseme "na kwenu je?" Mwana wa wifi yako ni mtoto anayeumwa, asigeuzwe silaha. Akili yake ikiwa nzuri, hesabu ataipiga mwenyewe.

Ukimya wake umeniudhi kidogo, sitakuficha. Mwanaume anayeomba muda apewe muda, lakini uwe na mwisho, nawe uujue. Mama yake simlaumu sana. Amekaa wodini na mjukuu, ameona mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa, na mtu aliyeona hayo anaogopa chochote kinachonuka ugonjwa wa ukoo. Wa kumweleza ni mwanawe, au daktari wa mjukuu, kwa upole. Wewe usiende. Mwali akimfundisha mkwe sayansi kabla ya ndoa, hata akisema kweli ataonekana ana mdomo.

Mkipima mkakuta wote ni AS, niandikieni tena kabla ya kikao, kuna mengi ya kuzungumza hapo na si lazima yawe ya kuachana. Mkikuta mmoja wenu ni AA, hamtazaa mtoto wa sikoseli, tarehe ipangwe. Majibu ya shangazi msiyasubiri kwa ajili ya harusi: yanaweza kuchukua wiki nyingi, na yatakayosema yanahusu utakavyochunguzwa na lini uzae, si kama unafaa kuolewa.

Anti